Zeze Namba Mia na Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Nilipanda dunguni katikati ya shamba letu la uwele, nikapiga kelele na kurusha madongo mpaka koo likakauka. Bibi alikuwa upande wa pili wa shamba, naye akipiga debe. Jua likishapanda, tulirudi nyumbani, tukala ugali na mlenda, nami nikakimbilia darasani kwa Mwalimu Yoramu.

Kijiji chetu kilikuwa karibu na Chamwino. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Dodoma mwaka mmoja tu nyuma. Baba yangu, Matonya, aliangukiwa na jiwe akafa akiijenga reli hiyo, ilipokuwa bado karibu na pwani, nami nina miaka sita. Mama alikuwa amefariki zamani, nikiwa mchanga. Basi niliishi kwa Bibi, mama yake baba, kwenye nyumba yetu ya tembe. Baba mdogo Methusela na binti yake Priska walikaa chumba cha pili.

Baba aliniachia kitu kimoja tu, zeze lake. Kibuyu chake kilikuwa kimewambwa ngozi, na kwenye shingo yake alichoma alama ya pembe mbili za ng'ombe kwa chuma cha moto. Lilining'inia ukutani juu ya kitanda cha Bibi. Hakuna aliyeligusa ila baba mdogo, naye alilipiga siku za mavuno tu.

Siku moja tulirudi kutoka kuamia ndege tukakuta ukuta mtupu.

Bibi hakupiga kelele. Aliupapasa ule ukuta kwa mikono miwili, kisha akaketi chini na kulia. Jirani akatuambia kwamba mtu wa jumbe, mkuu wetu aliyewekwa na Wajerumani, ameingia na kulichukua. Jumbe amemuuzia yule Mjerumani kijana aliyepiga hema kisimani, yule anayekusanya vitu vya watu: vibuyu, mikuki, ungo, hata vijiko.

Baba mdogo alikwenda kwa jumbe kulalamika. Alirudi shavu limevimba.

Nawaambia wazi, mimi sikuwa mtoto mpole. Nilisimama mbele ya ule ukuta nikaapa: Mjerumani huyu atanikoma. Wakati ule sikujua kwa njia gani. Njia ililetwa na Mwalimu Yoramu mwenyewe, baada ya siku tatu.

"Anyesi," aliniambia, "yule mgeni anajua Kiswahili, lakini hajui Chigogo chetu. Anataka kuzungumza na akina mama, nao hawazungumzi mbele ya watu wa jumbe. Ninyi wasichana wangu ni wachache, na wewe ndiye unayejua Kiswahili kuwashinda wote. Utamtafsiria?"

"Nitamtafsiria, Mwalimu," nikasema, na moyo wangu ukaruka kwa furaha mbaya.

Mgeni yule tulimwita Bwana Mbona, kwa sababu hakuwa na neno jingine. Mbona mnajenga paa bapa? Mbona ng'ombe huyu ana jina? Mbona mnatoboa masikio? Alikuwa mrefu, pua imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake alikuwa amekisomea hukohuko kwao, kwa hiyo alizungumza kama mtu anayesoma barua. Siku ya kwanza alinikaribisha hemani, naye akaketi chini ili nikae mimi kwenye kiti. Sikumshukuru.

"Bwana, wewe kazi yako ni nini hasa?" nikamuuliza.

"Mimi ni mwanafunzi, kama wewe," akajibu. "Nipo chuo kikuu. Nasomea watu."

"Watu wanasomewa?"

"Wanasomewa, ndiyo. Wanavyooana, wanavyozika, wanavyolea watoto, wanavyogawana mali. Ni elimu kubwa kwetu siku hizi. Walimu wangu wamenituma niandike kitabu juu ya Wagogo. Kikiwa kizuri, watanipa shahada, nami nitaitwa Daktari. Kikiwa na makosa..." Akacheka kidogo. "Kikiwa na makosa nitarudi nyumbani kuuza jibini dukani kwa baba yangu."

Alaa! Kumbe mtihani wake ulikuwa mdomoni mwangu! Nilimtazama yule bwana na daftari lake jeusi, nikamwambia moyoni, kauze jibini, mwizi wee.

Nikaanza na kidogo. Aliponiuliza mgeni mwenye adabu huingiaje nyumbani kwa Mgogo, nilimwambia anaingia kinyumenyume, akiwa ameshika masikio yake. Aliandika. Kesho yake akaingia hivyo nyumbani kwa mzee mmoja, akajigonga kisogo kwenye boriti, paa! Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Yeye naye akacheka, akisugua kisogo, akaniambia, "Mila ngumu hii, Anyesi." Mimi nikaitikia kwa heshima zote.

Nikazidisha. Akina mama wakisema hivi, mimi nikatafsiri vile. Mama mmoja alieleza jinsi wanavyochagua mbegu za uwele, mimi nikasema kwamba mbegu huchaguliwa na mbuzi mweupe. Mwingine alisimulia harusi yake, nami nikamwambia Bwana Mbona kuwa bibi harusi huchapwa na mama mkwe mpaka alie kama fisi. Mama wa watu alikuwa anatabasamu akikumbuka siku yake! Bwana Mbona alimtazama kwa huruma, akaandika ukurasa mzima.

Kila jioni nilipita mbele ya sanduku lake la mbao. Zeze la baba lilikuwa juu, limefungiwa kikaratasi shingoni. Kwenye kibuyu, karibu na alama ya pembe, alikuwa ameandika kwa wino mweusi: 114. Kila nikiiona namba ile, nilipata uongo mwingine wa kesho.

Siku moja, mwishoni kabisa, aliniuliza, "Mtoto akifiwa na baba na mama, kwenu hulelewa na nani?"

Tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na mama wa kumtafsiria. Nilitafuta jambo baya kuliko yote, jambo litakalowafanya wale walimu wake wakitupe kile kitabu na kumwita mpumbavu.

"Halelewi na mtu," nikasema. "Yatima kwetu ni mkosi. Bibi yake humpeleka porini na kumwacha huko."

Kalamu yake ilisimama. "Bibi yake mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaandika taratibu sana. Alipomaliza, akafunga daftari na kusema maneno ambayo sikuyatia maanani siku ile: "Inasikitisha. Lakini asante kwa kusema kweli."

Baada ya siku mbili alifunga masanduku, akawapa wapagazi, akaondoka asubuhi kwenda Dodoma kungojea gari moshi. Mimi nilisimama njiani nikimtazama anavyoishia vumbini. Zeze lilikuwa limekwenda, naam, lakini mwizi wake amekwenda na dawa yake ndani ya daftari. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mchana ule tulikuwa uani tukipura uwele. Nikashindwa kujizuia. Kisasi kisichojulikana na mtu kilikuwa kinaniwasha ulimi.

"Bibi," nikasema, "nimemkomesha yule mwizi wa zeze."

Nikawaeleza yote. Habari ya kuingia kinyumenyume ilimfanya baba mdogo Methusela aangushe fimbo yake ya kupuria. Priska alishika mbavu. Hata Bibi, ambaye hakuwa amecheka tangu zeze lilipoondoka, alijifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Mbuzi mweupe!" akasema. "Jamani, mtoto huyu!" Nilijiona mshindi. Nikaona niwapatie lile kubwa nililokuwa nimeliweka mwisho.

"Halafu nikamwambia kwetu yatima halelewi, bibi yake anampeleka porini kumtupa. Ameandika! Walimu wake watamwona mwehu."

Hakuna aliyecheka.

Bibi aliweka ungo chini. "Umesema nani anamtupa?"

"Bibi yake," nikajibu, na sauti yangu ikaanza kupungua.

"Na bibi wa yatima katika kijiji hiki ni nani, Anyesi?"

Bibi aliinuka, akaingia ndani. Baba mdogo Methusela ndiye aliyesema, tena hakunitazama.

"Mwaka ule wa njaa, wewe ulikuwa na miaka saba. Unakumbuka ulichokuwa ukila?"

"Uji, baba."

"Na bibi yako?"

"Alikuwa ameshakula kwa jirani. Aliniambia."

"Jirani gani alikuwa na chakula mwaka ule?" akauliza. "Alikuwa akichemsha vipande vya ngozi ya zamani na kunywa maji yake. Mimi nilimwona. Alinikataza kukuambia."

Nilibaki na uwele mkononi. Nikaingia ndani, nikamkuta Bibi ameketi chini ya ule ukuta mtupu.

"Bibi, nisamehe. Nilitaka kumlipiza. Walimu wake watajua ni uongo tu."

"Watajuaje?" akasema Bibi. "Wao wamewahi kunywa maji ya kisima chetu? Wamewahi kuniona? Wataamini. Watawasomea wanafunzi wengine, na hao watawasomea wengine. Yule kijana alichukua zeze la mwanangu ukutani. Wewe umenichukua mimi ukampa."

Hapo nililia kweli. Bibi hakunibembeleza. Alisema, "Kesho alfajiri tunakwenda Dodoma."

"Bibi, atanipeleka bomani! Nitachapwa viboko!"

"Huenda," akasema. "Mimi nitakuwepo."

Tulitembea siku nzima, Bibi na fimbo yake, baba mdogo na mkuki wake, nami nyuma kama mbuzi anayekwenda kuchinjwa. Njiani niliomba gari moshi liwe limeondoka, kisha nikaomba liwe bado. Tulifika stesheni jua likiwa limeinama. Bwana Mbona alikuwa ameketi kwenye masanduku yake akinywa chai. Alipotuona akasimama kwa furaha.

"Mbukwa, mama!" akamsalimu Bibi, kisha akashika masikio yake yote mawili na kumgeuzia mgongo kwa adabu.

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Geuka, Bwana," nikasema. "Hiyo si mila. Nilikudanganya."

Aligeuka polepole. "Ulinidanganya hilo?"

"Hilo, na mbuzi mweupe, na harusi. Mengi sana. Na yatima. Huyu ndiye bibi yangu. Mimi ni yatima, na yeye ndiye aliyenilea."

Uso wake uliiva mpaka shingoni. Alichukua daftari, akalifungua hapa na pale. "Miezi miwili!" akafoka. "Miezi miwili ya kazi! Unajua umenifanya nini? Naweza kukupeleka bomani sasa hivi!"

Bibi hakuelewa maneno, lakini alielewa sauti. Akapiga fimbo chini na kuanza kusema kwa Chigogo. Kisha akanigeukia. "Mwambie. Neno kwa neno, bila kupunguza."

Hiyo ndiyo tafsiri ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Bibi anasema: mjukuu wangu ni mwongo. Amenivunjia heshima mimi na wanawake wa kijiji chetu. Sikumfundisha hivyo." Nikameza mate. "Anasema nikistahili viboko, nitachapwa, lakini kwanza ajibiwe swali."

"Swali gani?"

Bibi alinyoosha fimbo yake kuelekea sanduku la juu. Sikuhitaji kungoja amalize.

"Anasema: umekaa kwetu miezi miwili, kila kitu unauliza. Mbona paa, mbona masikio, mbona ng'ombe. Mbona hukuuliza zeze lile ni la nani?"

Bwana Mbona alilitazama sanduku. "Nililinunua," akasema. "Kwa jumbe. Nililipa."

Nikatafsiri. Bibi akatema mate pembeni. "Jumbe hajui hata kulishika. Ni la mwanangu. Mwanangu amelala chini ya reli hii ambapo huyu anangojea gari moshi lake."

Nilitafsiri hilo nalo. Baba mdogo Methusela akageuka na kutazama pembeni.

Yule kijana aliketi juu ya sanduku. Chai yake ikapoa. Nilimchukia bado, nisiwadanganye, lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa mwanafunzi kweli, mwanafunzi aliyekosea swali la kwanza kabisa.

Mwishowe akamwita mpagazi alete chuma. Akang'oa misumari ya sanduku yeye mwenyewe, akatoa zeze, akalishika kwa mikono miwili na kumpa Bibi. Alijaribu kuifuta ile namba kwa kidole chenye mate. Haikutoka. Wino wao ulikuwa mkali.

Kisha akafungua daftari mbele yetu. "Nionyeshe pote ulipodanganya," akaniambia.

"Ni kurasa nyingi, Bwana. Utakosa gari moshi lako."

"Litakwenda bila mimi," akasema. Hakutabasamu. "Siwezi kuwapelekea walimu wangu hiki."

Akarudi nasi kijijini. Alikwenda kwanza kwa jumbe, na sijui walizungumza nini, lakini sauti zilifika kisimani. Wazee nao waliposikia mgeni amesema wazi kuwa aliuziwa mali ya marehemu, wakamkalia jumbe kikao na kumtoza mbuzi mnono. Sitadanganya tena maishani mwangu, kwa hiyo nasema kweli: nyama ile ilikuwa tamu kupita nyama zote nilizowahi kula.

Mimi sikuchapwa bomani. Adhabu yangu aliitoa Bibi. Nilizunguka nyumba zote za wale akina mama, nikamwambia kila mmoja uongo niliomsingizia, na kumwomba radhi. Yule mama wa harusi alinifukuza kwa mwiko. Nilirudi kwake mara tatu.

Jioni moja, tukitoka huko, Bibi aliniambia, "Hasira yako sikuilaumu hata siku moja. Hata mimi nilikuwa nayo. Lakini ukimkasirikia mtu, mwambie usoni, kama nilivyomwambia mimi stesheni. Uongo haukuturudishia zeze. Ulikaa miezi miwili ukidanganya, na zeze lilikuwa sandukuni palepale. Siku uliposema kweli ndiyo siku lilipotoka."

Bwana Mbona alikaa wiki tatu zaidi. Safari hii aliuliza kila jambo mara mbili, kwa watu wawili, na pale nisipojua nilisema sijui, ngoja nikaulize. Siku ya mwisho alikuja uani kwetu. Baba mdogo alikuwa akikaza nyuzi za zeze. Bwana Mbona alifungua ukurasa uliokuwa na mistari mikubwa ya kukatwa, akauliza tena swali lake la zamani.

"Mtoto akifiwa na baba na mama, kwenu hulelewa na nani?"

Nikamtafsiria Bibi. Bibi aliendelea kupepeta uwele wake.

"Mjibu wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyelelewa."

Nikamweleza habari ya mwaka wa njaa. Nikamweleza habari ya uji, na ya jirani ambaye hakuwa na chakula, na ya ngozi iliyochemshwa. Nilisema polepole ili aandike vizuri, na nilipofika mwisho nikamwambia anisomee. Alisoma. Nikasikiliza kila neno.

"Ni kweli yote?" akauliza.

"Ni kweli," nikasema. "Hayo wapelekee walimu wako."